Kutia rangi raba za turubai bila kuzichemsha

Swali: Shikamoo fundi. Nina raba za turubai za samawati ambazo nimezivaa miaka minne. Soli bado nzima, mshono haujaachia popote, ila kitambaa kimepauka kama kimemwagiwa majivu. Nataka ziwe damu ya mzee. Mwaka jana nilijaribu jozi nyingine ya pamba: nilichemsha maji, nikatia pakiti ya rangi ya nguo na chumvi, nikazitumbukiza humo. Soli ikabanduka kwa mbele, rangi ikahamia kwenye soksi zangu wiki nzima, na nyuzi za mshono zikabaki nyeupe pee. Nilikosea wapi, na hizi nizifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Jozi ile haikuharibika kwa uzembe wako. Ulifuata maelekezo ya pakiti, na pakiti imeandikwa kwa ajili ya nguo. Shati ni kitambaa na uzi, basi. Raba ni kitambaa kilichofungwa pamoja na mpira, gundi, sponji, uzi wa cherehani na vyuma vya matundu ya kamba, na kila kimoja kina tabia yake kikiona maji ya moto. Ukivichemsha pamoja, kitambaa kitavumilia, lakini gundi italainika na kuachia. Ndiyo maana soli yako ilifunguka kwa mbele, pale kiatu kinapokunjwa kila hatua.

Mimi kiatu cha aina yoyote sikipitishi nyuzi 60 za joto, na kwa kazi yako hatutafika hata huko. Ni kweli ziko raba ambazo mpira wake umeivishwa ukiwa tayari umeshikana na kitambaa, ndani ya oveni ya kiwandani. Mpira huo umepikwa na salfa, njia ambayo Charles Goodyear alipata hataza yake Marekani mwaka 1844, nazo huvumilia joto kuliko raba zilizogundishwa tu. Lakini kwa kuzitazama juu juu huwezi kujua kwa uhakika ipi ni ipi. Zichukulie zote kwamba zina gundi.

Sasa kabla hujanunua rangi, kiulize kitambaa chenyewe. Lebo haitakusaidia sana. Viatu vingi vina alama ndogo ya wavu uliofumwa, maana yake sehemu ya juu ni nguo, lakini haisemi kama ni pamba au poliesta, na hapo ndipo kazi nzima inapoamuliwa. Toa soli ya ndani kama inatoka, kisha tazama ukingo wa ulimi kwa ndani au pale kitambaa kilipokunjiwa kisiginoni. Utaona nyuzi zimechomoza. Chomoa moja yenye urefu wa ukucha, ibane kwa kibano cha nyusi juu ya kisahani chenye maji, uiguse kwa njiti ya kiberiti. Pamba hushika moto mara moja, huungua kwa mwali wa njano na kunuka karatasi iliyochomwa. Ukiupuliza mwali ukazimika, kikaa kidogo chekundu kinaendelea kutambaa. Majivu yake ni ya kijivu, laini, ukiyagusa yanapotea kidoleni. Poliesta huukimbia moto kwanza: inajikunja, inayeyuka, inatoa moshi mweusi, na ikipoa inaacha kishanga kigumu ambacho huwezi kukisaga hata kwa kucha. Ukiona vyote viwili kwenye uzi mmoja, majivu na kishanga, huo ni mchanganyiko, na rangi itashika nusunusu.

Ukimaliza, fanya hivyohivyo na kipande cha uzi wa mshono. Karibu kila mara utayeyuka. Nyuzi za cherehani za viatu hutengenezwa kwa poliesta au nailoni kwa sababu ya nguvu, na hilo ndilo jibu la nyuzi zako kubaki nyeupe.

Soksi nazo zilichafuka kwa sababu ya aina ya rangi. Pakiti nyingi zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani ni mchanganyiko: ndani yake kuna rangi ya pamba na rangi ya sufu na nailoni, ili mtu yeyote akitumbukiza chochote apate angalau kitu. Ile sehemu ya pamba hushikwa kwa joto na chumvi, na hata ikishika, imeegemea tu kwenye uzi. Jasho na maji huiondoa kidogo kidogo. Tena ulikuwa na kiatu ambacho huwezi kukikamua wala kukisuuza kama shati, kwa hiyo rangi iliyobaki kwenye sponji na bitana ilikuwa inangoja mguu wako.

Kwa pamba au kitani, ninachokushauri ni rangi tendaji. Inayojulikana zaidi ni ile ya aina ya Procion MX. Kampuni ya ICI ya Uingereza ilizitoa rangi za Procion mwaka 1956, miaka 100 baada ya William Perkin, mwanakemia kijana wa miaka 18, kupata rangi yake ya zambarau iliyotengenezwa maabara kule London. Uzuri wake ni kwamba rangi hii haiegemei uzi, inaungana nao. Ikipata magadi soda, inajifunga kwenye pamba kwa kifungo cha kikemia, na inafanya hivyo kwa joto la kawaida la chumbani. Huhitaji jiko. Kwa mtu wa viatu hiyo ni zawadi kubwa, maana adui yetu mkubwa ni joto, na hapa joto halihitajiki kabisa.

Jambo moja niliseme waziwazi kwa kuwa naulizwa kila mara: siki haikazi rangi kwenye pamba. Siki ina kazi yake kwenye hariri, sufu na nailoni, zikitiwa rangi za asidi. Ukiitia siki kwenye kazi hii ya pamba unaiua nguvu ya magadi, na rangi inashindwa kuungana. Chumvi nayo husaidia rangi iingie wakati wa kuchovya, lakini kumwagia chumvi kiatu ambacho tayari kinatoa rangi hakuponyi kitu.

Sasa tuongee rangi uliyoitaka. Rangi ya kutia ni kama kioo cha rangi: kilicho chini yake kinaonekana. Ukiweka nyekundu juu ya samawati, utapata zambarau, na mtu aliyengoja damu ya mzee atadhani pakiti ilikuwa mbovu. Bahati yako ni kwamba raba zimepauka, bluu iliyobaki ni kidogo. Chagua nyekundu inayoelekea chungwa, usichukue ile inayoelekea waridi, na uongeze njano kidogo. Njano hupunguza nguvu ya ile bluu ya chini na kuvuta zambarau irudi kwenye hudhurungi nyekundu, ambako damu ya mzee inaishi. Mimi ningeanza na vijiko 4 vya chai vya nyekundu kwa nusu kijiko cha njano, katika kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, kama mililita 250. Hapo una takriban gramu 10 hadi 12 za unga, kiasi cha kupata rangi iliyoiva. Kisha jaribu upande wa chini wa ulimi, mahali ambapo kamba zitafunika, ungoje, uoshe, ukaushe, ndipo uamue. Kitambaa kilicholowa huonekana cheusi kuliko kitakavyokuwa kikikauka, na watu wengi hudanganyika hapo.

Utashawishika kuiondoa samawati kwanza kwa dawa ya klorini, ile ambayo wengi huiita jiki. Kwa raba zako sioni haja. Klorini hula pamba, hugeuza nailoni na mpira mweupe kuwa manjano, na mabaki yake yakibaki ndani ya kiatu yataishambulia rangi mpya pia. Kama siku nyingine utalazimika kuitumia, isikutane na siki wala amonia hata kwa bahati mbaya, kwa sababu inatoa hewa yenye sumu. Na kumbuka kwamba kutia rangi ni safari ya kwenda gizani tu. Raba nyeusi haitakuwa njano kwa kuipaka njano.

Haya, kazi yenyewe. Igawe siku tatu, usiibane kwenye jioni moja.

Siku ya kwanza ni ya kuosha. Toa kamba na soli ya ndani. Sugua kitambaa kwa mswaki wa zamani na sabuni ya kuoshea vyombo, hasa pembeni ya vidole na kisiginoni ambako kuna mafuta ya mwili. Usitumie dawa ya kulainisha nguo. Suuza vizuri, kausha kabisa, kisha dondoshea tone la maji juu ya kitambaa. Likinyonywa, twende. Likikaa juu kama shanga, kitambaa kina dawa ya kuzuia maji, osha tena kwa maji ya vuguvugu. Kama tone bado linakataa kuzama baada ya kuosha mara mbili, rangi nayo itakataa, na usiendelee.

Siku ya pili anza kwa kuukinga mpira wakati kiatu kikiwa kikavu. Tumia selotepu ya karatasi, ile wanayotumia wapaka rangi wa nyumba, na uibandike pembeni mwa soli vipande vifupi vifupi ili ifuate mviringo wa mbele. Ikandamize kwa kucha pale mpira unapokutana na kitambaa. Mahali ambapo selotepu haifiki, kama vile kwenye vyuma vya matundu, paka vaselini nyembamba kwa kijiti cha pamba. Vaselini isiguse turubai, kwa maana itakapogusa hapataingia rangi, na doa hilo lililopauka utalitazama kila siku.

Kisha andaa magadi soda, yaani sodiamu kaboneti: vijiko 4 vya chakula kwa lita moja ya maji ya vuguvugu. Si kostiki soda, ambayo inaunguza na haina kazi hapa. Wala si bikaboneti ya keki kama ilivyo, kwa sababu ni dhaifu. Lakini bikaboneti hiyo ukiitandaza kwenye sinia na kuiacha saa moja ndani ya oveni ya nyuzi 200, inapoteza maji na hewa ya kaboni na kugeuka kuwa magadi soda unayoyataka. Kila gramu 100 zitabaki kama 63. Vaa glavu, maana maji ya magadi hukausha na kuwasha ngozi. Yapake kwenye kitambaa chote kwa brashi mpaka kilowe sawasawa, subiri robo saa, halafu kandamiza kwa taulo kuukuu mpaka kibaki na unyevu tu. Kikiwa kinachuruzika, rangi itapita chini ya selotepu.

Wakati wa kukoroga unga wa rangi, funika pua na mdomo, zima feni, na usitumie kikombe wala kijiko kitakachorudi jikoni. Unga huu ni mwepesi sana, na ukivutwa mara kwa mara unaweza kukuachia mzio wa kifua usioondoka. Ukishayeyuka majini hatari hiyo inakwisha. Koroga kwanza na maji machache upate uji usio na madonge, ndipo uongeze mengine.

Sasa kaa chini, viatu vyote viwili mbele yako. Mimina rangi kidogo kwenye kibakuli, chupa kubwa iweke mbali. Sababu yake ni hii: brashi itakuwa inagusa kitambaa chenye magadi na kurudi kwenye rangi, na rangi iliyochanganyika na magadi huanza kufa humohumo kibakulini. Baada ya saa moja hivi haina nguvu tena, ingawa kwa macho ni ileile. Rangi isiyoguswa na magadi inakaa siku kadhaa mahali pa baridi.

Anzia kwenye mishono. Shikilia brashi wima, uidungedunge ili rangi izame kwenye mikunjo, na ndipo uvute kuelekea katikati ya kitambaa. Utaona rangi ikikimbia yenyewe kwenye unyevu, ikifuata nyuzi za mlalo na za wima kama wino kwenye karatasi ya chooni, kisha inasimama. Pale inaposimama, ongeza kabla ukingo haujakauka, la sivyo utaacha mstari. Ukimaliza ubavu wa kulia wa kiatu kimoja, fanya ubavu uleule wa kiatu cha pili, usimalize kiatu kizima kwanza. Mkono huchoka, kibakuli hupungua nguvu, na ukienda kiatu kwa kiatu utapata mapacha wasiofanana.

Ukimaliza, kagua kwenye mwanga, rudia mahali palipopauka, kisha funga kila kiatu ndani ya mfuko wa plastiki ili kisikauke, na ukiweke mahali pasipo na baridi kwa saa 12 hadi 24. Rangi inaungana ikiwa na unyevu tu. Kikikauka baada ya saa mbili, kazi imeishia hapo.

Siku ya tatu ni ya kusuuza, na hapa watu wengi wanachoka mapema. Anza na maji baridi, mengi, mpaka ule utelezi wa magadi uishe vidoleni. Ndipo uhamie maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo ya vyombo. Maji yatatoka mekundu, usiogope. Hiyo ni rangi iliyoungana na maji badala ya pamba. Haitashika tena hata ukiomba, na lazima itoke. Minya kitambaa kwa vidole kutoka ndani, hasa kwenye ulimi na kisiginoni penye sponji, ubadilishe maji mara nyingi kadiri itakavyohitajika. Ukandamize kitambaa cheupe kilicholowa juu ya raba: kikitoka cheupe, umemaliza. Kikitoka cha waridi, rudi kwenye beseni. Ningekuwa karibu nawe ningekusimamia hapa tu, kwa kuwa soksi zako zinaokolewa kwenye hatua hii.

Selotepu itoe sasa. Mahali ambapo rangi imepenya kwenye mpira mweupe, futa siku hiyohiyo kwa pamba yenye spiriti kidogo, ukielekea chini, mbali na kitambaa.

Kukausha nako kuna mtego. Miaka mingi iliyopita nilianika raba za kijani juani, ncha zikiangalia jua, nikaenda shughuli zangu. Niliporudi, vidoleni palikuwa na utepe mweusi wa upana wa kidole, na nyuma pamepauka. Maji hutembea kuelekea upande unaokauka kwanza, na rangi iliyolegea husafiri nayo na kubaki pale maji yanapopaa. Tangu hapo nakausha kivulini penye upepo, viatu nimevijaza karatasi nyeupe au vitambaa vyeupe ninavyovibadilisha vikilowa. Usijaze magazeti, wino wake unahama. Na mashine ya kukaushia nywele iache kabisa kwa hatua hii.

Mishono yako itabaki nyeupe, au ya waridi hafifu. Mimi huipenda hivyo juu ya damu ya mzee, inakichora kiatu. Kama huipendi, ipitie kwa kalamu ya rangi ya nguo yenye ncha nyembamba, mshono kwa mshono. Ni kazi ya jioni moja ya subira.

Kama uzi wako uliyeyuka na kuacha kishanga, sahau yote ya magadi. Poliesta inahitaji rangi yake maalumu na maji yanayochemka kwa muda mrefu. Viwandani huipeleka nyuzi 130 ndani ya mitambo yenye mgandamizo. Hakuna raba itakayotoka nzima humo. Hapo njia ya kweli ni kupaka rangi ya akriliki iliyochanganywa na kimiminika chake cha kupakia nguo (fabric medium, si dawa ya kulainisha nguo), tabaka nyembamba tatu au nne, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Rangi hii hukaa juu ya uzi, kwa hiyo ukipaka nene itapasuka pale vidole vinapokunja. Ipake huku umeingiza mkono ndani na kukikunja kiatu kidogo, ili iingie kwenye mikunjo. Viatu vya satini vina mambo yake: satini huweza kuwa hariri au poliesta, tone moja la maji huacha alama, na mimi singekushauri uanzie mafunzo yako huko.

Kamba zitie rangi peke yake. Zichome uzi kwanza kama ulivyofanya na kitambaa. Zikiwa za pamba, zilaze ndani ya rangi iliyobaki pamoja na kijiko cha magadi kwa saa moja, na kwa kuwa kamba hukamulika, zitasuuzika kwa urahisi. Zikiwa za poliesta, ziache nyeupe zifanane na mshono.

Siku ya kwanza ya kuzivaa, vaa soksi nyeupe kuukuu na utembee nusu saa hivi mpaka miguu ipate joto. Soksi zikitoka na waridi kisiginoni tu, sponji ya pale bado ina mabaki: osha kisigino peke yake kwa maji ya vuguvugu, kausha, jaribu tena. Zikitoka na rangi kote, niandikie uniambie kiatu kilikaa saa ngapi ndani ya mfuko na kama kilikuwa bado na unyevu ulipokifungua, nitajua pa kuanzia.